UZI: Faza akikaa kimya siku 11, utajuaje kama anachapa kazi au amekufa?

Kipanga_wa_Buza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekuja na aibu yangu. Nichekeni kwanza, halafu mnisaidie.

Nyumbani nina mashine ya kufazi. Ni kompyuta ya mtumba niliyoitoa Kariakoo, zile kubwa za maofisini: Xeon, viini 16, ramu GB 64. Kazi yake ni moja tu. AFL++ (programu ya kuwinda makosa, ndiye faza mwenyewe) inakikung'uta usiku na mchana kichanganuzi cha ujumbe wa ISO 8583 tulichokiandika kazini kwa C. Huo ndio mpangilio wa ujumbe unaopita mteja akilipa kwa kadi dukani au akitoa pesa ATM. Kichanganuzi kikikosea urefu wa sehemu moja tu, kinaweza kwenda kusoma kumbukumbu isiyo yake, ndiyo maana namfungia faza akitafune kabla wahuni hawajakitafuna.

Sasa, Jumanne moja umeme ulikatika, ukarudi baada ya kama saa nzima. BIOS nimeipanga mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, na kweli ikajiwasha. Grafana, dashibodi yangu ya vipimo, ikawa kijani tupu. Prosesa 2%, joto nyuzi 41, ramu karibu yote iko huru, diski ina nafasi ya kumwaga. Kila asubuhi nachungulia na kikombe cha chai mkononi, najisemea "safi, mtambo umetulia", naondoka zangu.

Siku ya 12 nikaingia kwenye folda ya matokeo kutafuta kitu kingine kabisa. Faili la fuzzer_stats, mstari wa last_update: Jumanne ile ile, dakika moja kabla umeme haujakatika. Faza hakuwaka tangu siku hiyo. Siku 11 nimelipia umeme wa kupasha chumba, na chumba chenyewe hakikupata hata joto.

Kibaya zaidi, kwenye kikao cha Jumatatu nilishamwambia bosi "krashi mpya sifuri, kichanganuzi kimekomaa".

Nyie wenzangu mnafuatiliaje afya ya hizi mashine?

---

Chapakazi_Msa

Hahahaha pole bana. Faza amelala. Na faza akilala mchana nani atamgusa?

---

Mzee_wa_Teminali

Kipanga, pole mdogo wangu. Lakini usiitukane dashibodi. Ilikwambia ukweli kila asubuhi, wewe ndiye uliyeisoma kwa macho ya seva ya tovuti.

Seva ya tovuti ikiwa 2% unashukuru Mungu na kwenda kulala. Mashine ya kufazi ikiwa 2% ni maiti. Wafanyakazi 16, yaani nakala za faza, kila mmoja kafungwa kwenye kiini chake, wanatakiwa waile prosesa yote, joto lipande, feni ipige kelele hadi wa nyumbani waulize kuna nini. Nyuzi 41 maana yake jiko limezimika. Kwa hiyo tahadhari zako zigeuze kichwa chini miguu juu: prosesa ikipumzika zaidi ya 20% kwa dakika 10, kengele ilie. Joto likishuka ghafla, kengele ilie. Mimi nina tahadhari ya feni kunyamaza na imeshaniokoa mara mbili.

Sasa kwa nini hakuwaka. Nabahatisha: una Ubuntu, na huduma yake ya apport, ile ya kukusanya taarifa za programu zilizoanguka, hujaizima. AFL hukataa kuanza ikikuta /proc/sys/kernel/core_pattern inaanza na alama ya |. Inakataa kwa sababu ya msingi. Programu ikianguka, kerneli (moyo wa mfumo endeshi) inampelekea mzoga wake programu nyingine ya nje aupekue, na huyo anachukua muda. Faza anaona kimya, anadhani programu imekawia tu, kumbe imeanguka. Krashi inahesabiwa kama taimauti na wewe huioni milele.

Siku ya kwanza uliandika `echo core` kwenye hilo faili, ukasahau. Agizo hilo linaishi mpaka mashine izimwe. Mashine imewaka upya, apport imeandika ya kwake, systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) imejaribu kumwasha faza mara 5 ndani ya sekunde 10, imekata tamaa. Huo ndio ukomo wake usipougusa. Toa hapa majibu ya hizi mbili:

`systemctl --failed`
`journalctl -u jina_la_huduma_yako -n 50`

---

Kipanga_wa_Buza

Mzee, umeniona kwa darubini. Ni hivyo hivyo neno kwa neno. "Start request repeated too quickly", na juu yake AFL inalalamikia core_pattern. Nimezima apport, nimeweka `kernel.core_pattern=core` kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, nimeizima mashine kwa makusudi na kuiwasha. Faza kasimama mwenyewe.

---

Mzee_wa_Teminali

Bado moja. Gavana wa prosesa naye anarudi alipotoka kila mashine ikiwaka. Ukimwacha aamue mwenyewe, anapandisha na kushusha kasi, na AFL italalamika hapo pia. Dawa ya yote kwa mpigo ni kuiita afl-system-config kila mara kabla faza hajaanza. Kwenye faili la huduma:

`ExecStartPre=+/usr/local/bin/afl-system-config`

Hiyo alama ya + inaipa haki za mkuu wa mfumo hata kama faza mwenyewe anaendeshwa na mtumiaji wa kawaida. Ila kumbuka skripti hiyo inalegeza kinga kadhaa za kerneli ili kupata kasi. Usiiguse kwenye mashine unayoingilia benki, wala iliyo wazi kwenye intaneti. Mashine ya kufazi iwe ya kufazi tu.

---

mgeni_wa_kodi

Samahani wakubwa, naomba kuuliza kabla sijapotea. Kufazi ni nini hasa? Nimeona "faza" nikadhani ni uzi wa mambo ya familia 😅

---

DadaMjaribu

Karibu mgeni, huo ndio mtego wa jina lenyewe.

Kufazi ni kuilisha programu takataka kwa maelfu kila sekunde mpaka ikwame. Asili yake ni Barton Miller, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Mwaka 1988 usiku wa mvua ya radi alikuwa ameunganishwa na kompyuta ya chuo kwa laini ya simu, radi ikawa inachafua herufi njiani, na programu za Unix zikawa zinaanguka kwa sababu ya hizo herufi chafu. Akashangaa, programu zinazoaminiwa na kila mtu zinaangushwa na mvua? Akawapa wanafunzi zoezi la kutengeneza uchafu kwa makusudi. Matokeo yakachapishwa 1990: kati ya robo na theluthi ya programu walizojaribu zilianguka au kuganda.

AFL ya Michal Zalewski ilipokuja mwishoni mwa 2013 iliongeza akili. Inaangalia kila takataka imefungua njia gani mpya ndani ya programu, zile zenye bahati inazihifadhi na kuzikorogakoroga tena. AFL++ tunayoizungumzia ndiyo inayoendelezwa sasa. Rundo la takataka zenye bahati ndilo tunaloliita korpasi.

Tatizo la Kipanga ni hili, kazi ya faza kwa kawaida ni kimya. Anaweza kuchapa kazi wiki nzima asipate kitu, na hiyo ni habari njema. Akifa, napo ni kimya. Vimya viwili vinafanana kama mapacha.

---

mgeni_wa_kodi

Ahsante sana dada. Nimekaa pembeni nasoma.

---

DadaMjaribu

Kipanga, baada ya kumfundisha mgeni, hii ni yako.

Mimi naangalia namba chache tu kutoka fuzzer_stats. Faili hilo huandikwa upya kila baada ya dakika moja hivi, kwa hiyo lenyewe ni kama mapigo ya moyo.

Ya kwanza last_update. Ikipita dakika 5 bila kubadilika, faza amekufa au amekwama, mengine hayana maana mpaka hilo litatuliwe.

Ya pili kasi. Hapa watu wengi wanaangalia execs_per_sec, ambayo ni wastani tangu faza aanze. Faza aliyekimbia wiki nzima kwa 2,000 kwa sekunde, leo akiwa anatambaa kwa 15, wastani bado utakwambia yuko vizuri. Angalia execs_ps_last_min, hiyo ni ya dakika iliyopita. Usiilinganishe na kasi ya jirani yako, ilinganishe na kasi ya kawaida ya programu hiyo hiyo kwenye mashine hiyo hiyo. Mimi ikishuka chini ya nusu ya kawaida napigiwa.

Ya tatu stability. Ni kiasi gani programu inapita njia ile ile ikilishwa kitu kile kile. Ikishuka chini ya 90% naanza kuuliza maswali. Mara nyingi ni programu yenyewe, ina nyuzi (threads) nyingi zinazokimbizana, inasoma saa, au inatumia kumbukumbu isiyoandaliwa. Mara chache ni mashine. Nadhani Chapakazi ana kisa hapo.

last_find naionyesha kwenye grafu lakini siipigii kengele. Faza kukaa siku mbili bila njia mpya si ugonjwa, huenda amefika ukuta na anahitaji korpasi bora au kamusi. Hilo ni la kutatua ukiwa na chai, si la kuamshwa usiku.

Na kuna jambo silioni kwa wengi. Ninayo nakala ya kichanganuzi niliyoipanda kosa la makusudi, kosa jepesi ambalo faza mzima hulipata ndani ya dakika chache. Kila Ijumaa namfungulia nakala hiyo dakika 10. Asipolipata, kuna kitu kimevunjika ambacho hakuna kipimajoto kitakachokionyesha. Mwaka jana hakulipata. Kumbe mtu wetu alibadilisha mipangilio ya kujenga programu, AddressSanitizer, mlinzi anayeiangusha programu ikigusa kumbukumbu isiyo yake, ikaondoka kimyakimya. Prosesa 100%, joto zuri, kasi ikapanda kuliko kawaida na sote tukafurahi. Faza alikuwa anakimbia kwa sababu ameshushwa mzigo.

---

Nyuzi_Tisini

Hiyo ya mwisho dada umeniua. Kasi imepanda tukafurahi 😂😂

---

Mzee_wa_Teminali

Dada kanena. Mimi naongeza: kwenye skrini ya AFL kasi ikishuka chini ya 100 kwa sekunde inakuandikia "slow!", na ikishuka chini ya 20 inaandika "zzzz...". Yaani mwenyewe anakiri amelala.

---

Chapakazi_Msa

Sawa, nimeitwa nije.

Mwaka jana mashine yangu ilianza kutoa krashi kama mvua. Nikajua nimetajirika. Nazichukua moja moja, nazilisha programu tena, hakuna kinachoanguka. Krashi arobaini na kitu, hata moja haijirudii! Na kila moja ilikuwa mahali pake, moja kwenye kusoma kichwa cha ujumbe, nyingine ndani ya memcpy, nyingine sehemu ambayo ingizo lile halifiki kabisa. Nikalaumu nyuzi, nikalaumu korpasi, nikajenga programu upya mara tatu.

Mwisho nikaiacha memtest86+, kipima ramu, ikimbie usiku mzima. Asubuhi skrini nyekundu. Kijiti kimoja cha ramu kilikuwa kinageuza biti, anwani zile zile kila raundi. Nikakitoa, krashi za ajabu zikaisha siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo kama mashine yako ni Xeon na ramu zake ni za ECC, zinazojirekebisha makosa, una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Kerneli inahesabu kila kosa lililorekebishwa. Soma

`/sys/devices/system/edac/mc/mc0/ce_count`

Inafaa iwe sifuri na ibaki sifuri. Ikianza kupanda, usingoje. Na weka rasdaemon ikuandikie ni kijiti kipi.

Watu husahau kwamba kufazi ni mateso kwa vyuma. Kompyuta ya kawaida hupumzika sehemu kubwa ya siku. Hii haipumziki. Udhaifu ambao kwa karani wa ofisi ungejificha miaka mitano, hapa unatoka ndani ya mwezi.

---

Nyuzi_Tisini

Na mimi na jina langu nisipoongelea joto nitakuwa mnafiki.

Niko Dar, chumba hakina kiyoyozi, Februari. Niliona kitu kinanichanganya: kila siku kati ya saa saba na saa kumi mchana idadi ya taimauti inapanda, jioni inatulia. Nikadhani kuna programu ya kroni (kazi zinazojiendesha kwa ratiba) inagombania prosesa. Hakuna. Ilikuwa ni jua.

Prosesa ikifika ukomo wa joto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. AFL ilikuwa imepima muda wa programu mwanzoni, nilipoiwasha usiku kukiwa na upepo, ikajipangia muda wa kusubiri kwa kasi ile. Mchana mashine inatambaa, ingizo ambalo usiku linamalizika ndani ya muda, mchana linachelewa na kutupwa. Nilikuwa napoteza ingizo nzuri kwa sababu ya hali ya hewa.

Usiangalie nyuzi za joto peke yake, kwa sababu prosesa ikijipunguza nyuzi zinagota pale pale na unaona mstari umenyooka kama uko salama. Angalia

`/sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count`

Hiyo ni kwa Intel. Namba ikipanda, prosesa imekabwa. Nilifungua mashine, nikatoa vumbi la kujaza kopo, nikabadilisha ile pasta ya kati ya prosesa na kipoza joto, nikaondoa wafanyakazi wawili kutoka 16 kwenda 14. Cha ajabu, kazi jumla kwa siku ikaongezeka.

---

Kipanga_wa_Buza

Nimeangalia sasa hivi. Kiini cha kwanza: 18,204. Nimeishia kucheka.

---

Nyuzi_Tisini

Vumbi hilo mkuu. Usilipulize kwa mdomo tu, litakuingia wewe.

---

mkulima_wa_bando

Naona mnajenga hospitali ya rufaa kwa ajili ya kompyuta moja. Prometheus, Grafana, node_exporter, vyombo hivyo vya kukusanya vipimo navyo vinakula ramu na vinahitaji mtu wa kuvitunza. Mimi nina skripti ya mistari 15 na kroni, inasoma afl-whatsup -s (muhtasari wa hali ya faza), inanitumia Telegram asubuhi na jioni. Basi. Miaka miwili sasa.

---

Mzee_wa_Teminali

Mkulima, sikupingi kwamba wepesi ni afya. Lakini nikuulize, Telegram ya asubuhi isipofika, unafanya nini?

---

mkulima_wa_bando

Nitajua.

---

Mzee_wa_Teminali

Utajua siku ya ngapi? Kipanga alikuwa na dashibodi na alijua siku ya 12. Ujumbe ambao haukufika hauonekani. Mashine haiwezi kukupigia simu kukwambia imekufa. Lazima awepo mwingine, nje ya mashine, asiyetegemea umeme wake, anayesubiri mapigo na kupiga yowe yakikosekana.

---

DadaMjaribu

Hapo naungana na Mzee. Lakini kwenye uzito wa vyombo namuunga mkono Mkulima. AFL++ inaweza kutuma takwimu zake yenyewe: unaweka AFL_STATSD=1, inazirusha kwa UDP bandari 8125, statsd_exporter inazipokea, Prometheus inazichukua. Kwa mashine kumi ni raha. Kwa mashine moja, node_exporter na skripti inayogeuza fuzzer_stats kuwa faili la .prom inatosha. Ukiandika faili hilo, andika kwanza kwa jina la muda halafu ulihamishe kwa mv, la sivyo siku moja litasomwa likiwa nusu.

---

Simu_ya_Zamani

Mlinzi wa nje si lazima ulipie seva. Mimi natumia simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo. Nimeweka Termux (teminali ya Linux ndani ya Android) na Termux:API. Kila dakika mbili inaingia kwenye mashine kwa ssh, inasoma last_update, inalinganisha na saa ya sasa. Pengo likizidi dakika 5, au ssh ikikataa, inapiga yowe.

Kwa nini simu? Ina betri yake. Ina laini yake na bando lake. Umeme ukikatika, ruta inakufa, mashine inakufa, simu inabaki hai na ina njia ya kutokea kutuma Telegram. Hiyo ni UPS na modemu na seva kwa bei ya kitu ulichokuwa umekitupa kwenye droo. Kumbuka tu `termux-wake-lock`, la sivyo Android itailaza, na mlinzi atakuwa amelala pamoja na faza.

Tena kuna mtego kwa wenye mitumba: betri ndogo ya BIOS, ile CR2032. Ikiwa imekufa, mashine inawaka na saa ya miaka ya nyuma. last_update inaandikwa kwa saa hiyo, mlinzi anaona pengo la miaka. Badilisha betri na weka chrony ilinganishe saa kabla faza hajaanza.

---

mkulima_wa_bando

Hii ya simu nimeipenda. Haya, nimeshindwa kwa heshima.

---

Kipanga_wa_Buza

Simu ninayo! Nina swali la diski na ramu. Faza anaandika sana, SSD yangu si mpya.

---

Mzee_wa_Teminali

Diski kwanza. Tupige hesabu ya hali mbaya kabisa, kama kila ingizo lingefika kwenye diski: wafanyakazi 16, kila mmoja 2,000 kwa sekunde, ingizo la KB 1. Ni MB 32 kwa sekunde, karibu TB 2.8 kwa siku. Diski iliyoandikiwa dhamana ya TB 600 ingemalizika ndani ya miezi saba na ushee. Kwa kweli kerneli hupunguza mengi njiani, lakini kwa nini ucheze bahati nasibu? Weka AFL_TMPDIR ielekee kwenye tmpfs, yaani ramu, kwa kila mfanyakazi folda yake. Korpasi na krashi zibaki diskini.

Halafu kila wiki `smartctl -a` kwenye NVMe, angalia "Percentage Used". Mstari wa "Data Units Written" uzidishe kwa 512,000 upate baiti.

Angalia na `df -i`, si `df -h` peke yake. Kufazi huzalisha faili ndogondogo mamilioni. Zikiisha inodi (nafasi za kusajili faili), diski inakataa kuandika wakati df -h inakuonyesha nafasi tele, na unaweza kuhangaika mchana kutwa. Na uhakikishe programu yako yenyewe haiandiki logi kila ikikimbia. Kijana wangu mmoja alisahau kuizima logi, asubuhi diski ya TB nzima imejaa mistari ya "ujumbe si sahihi".

---

Chapakazi_Msa

"Ujumbe si sahihi" TB nzima, na ulikuwa ukweli mtupu 😂

---

Mzee_wa_Teminali

Ramu. Ukitumia AddressSanitizer huwezi kumbana faza kwa -m (ukomo wa ramu wa AFL), kwa sababu sanitaiza hujitengea anwani kama TB 20 za kivuli kwenye mashine za biti 64, hata kama haizitumii. Mbane kwa cgroup (ukomo ambao kerneli huwekea kundi la programu): kwenye huduma ya systemd weka MemoryMax, ukiiachia mashine GB kadhaa za kupumulia, ili ikitokea ingizo linaloomba GB 40, wafe wao na si mashine nzima.

Ukiona krashi zenye sig:09 kwenye jina la faili, usizikimbilie. 11 ni kugusa kumbukumbu isiyo yako, 06 ni programu kujiua yenyewe, hivyo ndivyo sanitaiza hufanya. 09 mara nyingi ni kerneli imemnyonga mtu kwa uhaba wa ramu. Hakiki na `dmesg | grep -i oom`. Hata hiyo si bure, ingizo la baiti 60 linaloomba ramu yote ni kosa la programu, ila ni kosa la aina nyingine.

---

Pita_Njia

Kwa nini usiipeleke OSS-Fuzz wakufuatilie wao?

---

DadaMjaribu

OSS-Fuzz ni ya programu huria, Google waliianzisha 2016. Kichanganuzi cha kazini kwake kimefungwa, hakiingii huko.

---

Kipanga_wa_Buza

Mrejesho, wiki mbili baadaye.

Nimetoa vumbi. Nimebadilisha betri ya BIOS. core_pattern na gavana vinawekwa kila mashine ikiwaka. AFL_TMPDIR iko kwenye ramu, wafanyakazi 14, na siku zote 14 namba ya kukabwa prosesa haijasogea. Huduma ya systemd nimeiongezea AFL_AUTORESUME=1 ili akiwaka aendelee alipoishia badala ya kugoma kwa sababu folda ina kazi ya zamani. ce_count ni sifuri. Kosa la makusudi la Dada nimelipanda, alilipata ndani ya dakika 3. Bosi nimemwambia ukweli, akanyamaza, akauliza "kwa hiyo hakijakomaa?" Nikamwambia sasa ndiyo tunaanza kukipima. Krashi mbili mpya mpaka leo, zote sig:06, zote zinajirudia, na zote ni sehemu ya 55, data ya chipu ya kadi.

Simu nimeitundika ukutani juu ya mashine. Kwenye yowe sikuweka mlio, nimeweka `termux-tts-speak` inatamka maneno.

Juzi saa tisa usiku, giza totoro, sauti ya kike ya roboti ikatoka chumba cha pili, kwa sauti ya juu kabisa: "Faza amelala. Faza amelala. Faza amelala." Mke wangu akaruka kitandani: "Faza gani? Baba kafanyaje?" Baba mkwe alikuwa amelala sebuleni, amekuja kutoka Kilosa kutibiwa macho, naye akaitikia kwa mbali, "Sijalala, mwanangu, niko macho."

Zilikuwa uniti za LUKU zimeisha. Nimenunua kwa simu hiyo hiyo, mashine ikawaka, dakika ya nne faza akawa anachapa kazi. Maneno nimeyabadilisha, sasa inasema "mashine imezima".